Taya Lililofungwa Waya

Mwanza, 3 Machi 1994

Kaka Benedicto,
Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo. Mimi naendelea, ila siwezi kusema, ndiyo maana naandika. Taya lilivunjika mahali pawili. Jumanne madaktari walinipasua, wakaunga mfupa, kisha wakafunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Nitakaa hivi wiki sita. Uji nanyonya kwa mrija penye pengo la jino. Ukutani wametundika mkasi, nikitapika wakate waya nisije nikapaliwa.

Polisi watakuja hapo Nyamongo. Bosi wetu Kisyeri aliponipiga kwa mpini wa nyundo tulikuwa watatu tu mle katika shimo lake la dhahabu. Waambie ulichoona.

Mdogo wako,
Simioni

Nyamongo, 12 Machi

Mdogo wangu,
Pole sana. Huku hatujambo, mama anakusalimu. Polisi walikuja, nimeongea nao. Usijisumbue, wewe kunywa uji upone.

Kaka yako,
Benedicto

Mwanza, 27 Machi

Kaka,
Dada yetu Christina amefika kuniona. Anasema uliwaambia polisi nilikuwa nimelewa, nikateleza kwenye ngazi. Nilibisha kwa kichwa mpaka nesi akanishika. Baadaye Christina akasema Kisyeri amekufanya msimamizi wa shimo lake.

Nilipokuwa natema damu wewe ndiye uliyenishika kichwa. Niandikie kwamba Christina amesikia vibaya.

Simioni, mdogo wako

Nyamongo, 5 Aprili

Mdogo wangu,
U hali gani? Christina hakusikia vibaya. Kisyeri aliniambia, "Ukisema, hutakanyaga tena shimo lolote hapa." Nina watoto wanne. Nikafikiri, taya litaunga, kazi nikiipoteza haiungi. Waya ukitolewa njoo kwangu kwanza, tuzungumze kama ndugu kabla hujaenda popote.

Kaka yako,
Benedicto

Tarime, 15 Aprili

Benedicto,
Waya umetolewa juzi. Mdomo unafunguka upana wa vidole viwili, na maneno yanatoka mazito.

Leo Christina amenisindikiza polisi. Nimeeleza yote ya Kisyeri, polepole, na askari ameandika. Halafu akafungua karatasi yenye maelezo yako, akaniuliza, "Huyu aliyesema uliteleza ni nani wako?"

Christina aliniangalia. Nilijishika shavu, askari akadhani taya linauma.

Nikamjibu, "Tulikuwa tunachimba shimo moja."

Simioni