Ng'ombe wa Mama Bhoke

Dada Neema,

Mvua ya huku Kerende haikatiki, na mimi sina raha. Leo nilimtembelea Mama Bhoke, mfugaji anayetumia ile programu yangu ya magonjwa ya mifugo. Simu ilimwambia asubiri siku tatu, ng'ombe atapona. Alisubiri, ng'ombe akafa. Kosa ni langu: mtandao ukikatika, programu inarudia jibu la mnyama mwingine.

Nilimweleza, nikamwomba radhi. Akaniuliza, "Mwanangu, umewahi kuchunga?" Nikasema hapana. Akanipakulia ugali wa mtama.

Redioni walikuwa wanasifu kompyuta zinazojiandikia programu zenyewe. Hapo hapo niliizima programu yangu kwa watumiaji wote, na sijui kama nitaandika nyingine.

Wabusu watoto. Niombee, dada.

Mdogo wako, Juma