Mama Rosina Maefane, Aliyeruka Sufuria

Mama, mwaka umetimia tangu utuachie jiko lako hapa bondeni, Honiara. Leo tunakuandikia tukiwa tumeshusha pumzi. Usihangaike huko uliko, tuko salama.

Tunakukumbuka ukirudi sokoni na kikapu chako, ukimtania kila uliyekutana naye. Mzazi yeyote mwenye mtoto wa kunyonya alikuwa mwanao. Ulimwita jikoni, ukampakulia viazi vitamu, mboga ya mlenda kwa tui la nazi na kichwa cha samaki, kisha ukamkalia mpaka amalize.

"Kula, mwanangu. Hao wengine wana meno, wako anakutegemea wewe."

Nyumba yetu haikukosa wageni. Ndugu walishuka melini kutoka Malaita, wakala, wakalala, wakala tena, na mzazi akaambulia ukoko na chai ya rangi. Siku moja ukachoka. Uliweka chini sufuria ndogo yenye chakula cha mzazi, ukakunja sketi, ukairuka mbele ya wageni wote! Mila ni mila: mwanamume gani wa kwetu angegusa chakula kilichorukwa na mwanamke?

"Mama Hosea, unaniaibisha mbele ya watu!" Baba alifoka.

"Mtoto hanyonyi heshima yako, Baba Hosea. Ananyonya maziwa. Wageni wako wapakulie ile kubwa."

Baba alinuna, wewe ukamcheka. Tangu hapo ikawa desturi yako.

Ulipofariki ghafla, mkweo Jeniti, mke wa Hosea, alikuwa na kichanga. Matanga yakajaza nyumba. Jeniti alipika, akapakua, akala wa mwisho, na mara nyingine hakula kabisa. Maziwa yakapungua. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Tuliogopa, Mama. Tuliogopa tutamzika mjukuu wako kando yako. Na Jeniti, mkwe wa juzi tu, angethubutuje kuruka sufuria mbele ya wazee?

Asubuhi moja Baba alitoka jikoni na sufuria yako ndogo, kichwa cha jodari kikiwa ndani. Akaiweka mlangoni, wazee wakitazama.

"Jeniti, mwanangu, pita hapa."

"Baba, sufuria iko njiani."

"Naiona. Nimeiweka mimi. Ruka!"

Wazee waliguna. Jeniti akaruka. Baba akacheka mpaka akalia, na ndipo akakulilia vizuri kwa mara ya kwanza.

Maziwa yalirudi, Mama. Mjukuu wako tulimpa jina lako. Rosina mdogo ana mapaja manene ya kufinywafinywa, na juzi alisimama dede. Baba anawaambia watu kwamba ujanja ule wa sufuria ni wake. Tumemwachia.

Unakumbukwa na mumeo Timoti, wanao Hosea na Nesta, mkweo Jeniti, Rosina mdogo, na wazazi wote wa bondeni uliowalisha.

Hatutakusahau kamwe. Leo samaki amepatikana, na sufuria yako iko mlangoni.