Behewa Linalodaiwa Kuibwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Yametolewa kituoni, mbele ya afisa wa zamu, asubuhi

Jina: Lipo kwenye kitambulisho. Stesheni nzima wananiita Mama Sabuni.
Umri: Miaka hamsini na miwili.
Kazi: Msafisha mabehewa, shirika la reli.
Makazi: Nyumba za wafanyakazi nyuma ya yadi, mlango wa mwisho.
Uhusiano na mtuhumiwa: Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sijaitwa na mtu. Nimekuja na aproni kwa sababu sikupata nafasi ya kuivua, na afande anisamehe kwa harufu ya dawa ya sakafu.

Nataka kueleza habari za behewa linalosemekana limeibiwa yadini. Aliyekamatwa ni shemeji yangu, sisi tunamwita Breki. Kazi yake ni mpanga mabehewa, yaani ndiye anayeyaunganisha, anayeyatenganisha na kulipeleka kila moja kwenye reli yake. Akifungwa, kazi imekwenda, na nyumba ya kazi imekwenda nayo, na mama yake mzazi anaishi humo. Kwa hiyo nitasema yote. Afande ameniambia niseme yale tu niliyoyaona kwa macho yangu. Nimekubali, ila niliyoyaona ni mengi.

Stesheni yetu ilijengwa enzi za mkoloni. Ilikuwa na vyumba viwili vya kusubiria, kimoja cha daraja la kwanza na kimoja cha daraja la pili. Daraja la tatu, yaani sisi wenye nchi, tulisubiri nje kwenye kokoto. Mkoloni akafunga virago akaenda zake, vyumba vikageuzwa stoo, na sisi tukabaki kwenye kokoto zile zile. Jukwaa nalo lilikuwa chini mno. Kupanda treni ilikuwa shughuli: aliye ndani anakuvuta mkono, aliye nje anakusukuma, na nisingependa afande aandike anakusukuma wapi.

Mnamo tarehe nne mwezi wa tatu mwaka huu, matengenezo yalianza. Mkandarasi aliinua jukwaa kwa zege hadi likawa sawa na mlango wa treni. Akaleta mabomba ya maji hadi yadini, nikaacha kubeba ndoo kutoka kisimani. Akajenga vyoo vyenye milango inayofungwa kwa ndani. Afande ananiuliza vyoo vinahusiana nini na behewa. Havihusiani. Nimevitaja kwa sababu navipenda.

Siku treni ya kwanza iliposimama kwenye jukwaa jipya, bibi mmoja mwenye mkongojo aliingia ndani kwa hatua moja, kama anaingia jikoni kwake. Akageuka, akatoka. Akaingia tena. Akatoka tena. Kondakta akamwambia, "Bibi, treni inaondoka." Bibi akamjibu, "Ngoja kidogo mwanangu, nimeipanda kwa taabu maisha yangu yote." Dereva alisubiri. Sisi sote tulikuwa tunapiga makofi, na mimi nilikuwa nalia, sioni haya kusema.

Narudi kwenye behewa. Baada ya jukwaa, mkandarasi alibomoa jengo la zamani ili ajenge chumba kipya cha kusubiria. Alisema angemaliza kabla ya mvua. Mvua haikuwa na habari hizo. Mnamo tarehe kumi na mbili mwezi wa nne ilinyesha tangu alfajiri, na jengo lilikuwa msingi mtupu. Abiria walisimama na mabegi kichwani. Akina mama walifunika watoto kwa mifuko ya saruji. Stesheni masta alisimama katikati yao na tai yake inachuruzika maji, mtu mzima yule, nikamwonea huruma.

Ndipo alipomwita shemeji. Nilikuwa karibu, nimeshika brashi, nikasikia kwa masikio yangu.

Alimuuliza, "Breki, lile bovu la reli ya mwisho, paa lake linavuja?"

Shemeji akasema, "Halivuji, mzee. Injini ndiyo hatuna leo, iko safarini."

Stesheni masta akasema, "Kuna watu hapa zaidi ya mia wanaopigwa na baridi. Lilete."

Hiyo ndiyo amri. Haikuandikwa popote, ila ilitolewa, na nitaapa kwa chochote nitakachopewa.

Behewa lenyewe ni la daraja la kwanza, la enzi zile zile za mkoloni. Lina viti vya ngozi na madirisha ya vioo yenye fremu za mbao za kuteleza. Lilikuwa limesimama kwenye nyasi tangu sijaolewa, rangi imebanduka, mijusi wamefanya makao. Shemeji alilizunguka, akapaka grisi kwenye magurudumu, akageuza njia ya reli, kisha akapuliza filimbi. Tulikuwa tumejipanga pande zote mbili: wachukuzi, wafagiaji, mafundi wa mkandarasi, na abiria ambao hata hatuwajui. Akasema filimbi mbili fupi ni kusukuma, moja ndefu ni kuacha, na atakayejitia shujaa akae mbele ya gurudumu atamkanya kwa fimbo.

Filimbi mbili zikalia. Tukasukuma. Halikutikisika. Shemeji akanipigia kelele, "Shemeji, unasukuma au unaliegemea?" Nikamjibu, "Kaka yako hakunioa kwa mahari ya ng'ombe wa kulimia!" Watu wakavunjika mbavu, na sijui ni kile kicheko au ni grisi, behewa likalia nyii, likaanza kwenda. Jamani! Kitu kizito kama kile, kinakwenda kwa mabega yetu, mvua inatupiga, na watu wanaimba. Mwanamume mmoja aliyevaa suti alipoteza kiatu kimoja kwenye tope na hakusimama kukitafuta. Shemeji alikimbia kandokando na gogo lake mkononi, tayari kulitia chini ya gurudumu. Alilisimamisha kwenye ile reli fupi iliyo nyuma ya jukwaa, ambako zamani walishusha mizigo. Mlango ukakaa sawasawa na jukwaa jipya. Watu wakaingia wote, wakajaa, vioo vikapata ukungu kwa pumzi zao.

Siku zilizofuata tuliendelea nalo. Mimi nilisugua sakafu hadi mbao zikaonekana. Mafundi walikuwa na rangi ya maziwa iliyobaki, wakalipaka, wakaifunika kijani yake ya zamani pamoja na namba. Mtu akaleta mapazia. Fundi mwandishi akaandika juu ya mlango CHUMBA CHA KUSUBIRIA. Naomba hapa afande aandike vizuri: jukwaa limeinuliwa, kwa hiyo ukiwa juu yake huoni magurudumu. Unaona ukuta, madirisha na mlango. Mgeni akifika anaona nyumba.

Nilimleta mama mkwe alione. Marehemu mume wake, baba mkwe wangu, alisugua viti vile enzi za mkoloni na hakuruhusiwa kuketi hata akichoka. Mama mkwe alitaka kuvua viatu mlangoni. Nikamwambia, "Mama, ingia tu." Akakaa kiti cha dirishani, akakipapasa kwa kiganja. Akasema, "Kumbe ni laini hivi." Alikaa hapo hadi treni mbili zikapita, na hakuwa na safari.

Jana, saa nne asubuhi, mkaguzi wa mali alifika kutoka makao makuu. Ni bwana mpole, simsemi vibaya. Chumba kipya cha mkandarasi bado hakijafunguliwa, wanapaka chokaa. Mkaguzi alizunguka yadi na jua lile, akarudi ametota jasho, akaja akakaa kwenye kiti cha dirishani. Nilikuwa napiga deki.

Aliniambia, "Mama, hiki chumba chenu kizuri. Kina hewa."

Nikamshukuru.

Akasema, "Lakini yadi yenu ina wezi. Behewa zima halipo."

Dekio likaniponyoka. Nikamuuliza, "Zima?"

"Zima, mama. Na magurudumu yake."

Nikasema, "Loo! Watu hawana haya! Mtu anaibaje behewa? Analiweka wapi?"

Akasema, "Ndicho ninachojiuliza."

Nikamletea chai. Nikakaa naye, nikamwambia mwizi wa namna hiyo asionewe huruma, atupwe ndani na ufunguo upotee. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu, namsema shemeji yangu bila kujua. Mkaguzi akanisifu. Akasema shirika linahitaji watumishi wenye uchungu na mali kama mimi.

Afande anacheka. Naomba iandikwe kwamba afande amecheka.

Nikiulizwa ilikuwaje nisifikirie lile behewa, najibu hivi: kitu kilichoibiwa hakipo. Lile lipo. Nilikuwa nimelipiga deki na miguu yake bwana yule imo ndani, nimemwomba aiinue nipitishe dekio. Nilijua wameiba jingine.

Mchana, mkaguzi alikwenda yadini na askari wawili kumuuliza shemeji. Wachukuzi walisikia. Aliulizwa, "Behewa liko wapi?" Akajibu, "Muulizeni stesheni masta." Wakamwambia stesheni masta yuko likizo hadi kesho, waulizwe walio kazini. Akasema, "Basi msubirini." Akaulizwa tena, akafunga mdomo kabisa. Wakamtia pingu. Wachukuzi nao walidhani ni behewa jingine, wakabaki wanatazamana.

Hapa lazima nieleze, maana afande atamwona shemeji ana kiburi. Wapanga mabehewa wana sheria yao. Mtu mmoja tu ndiye anayekupa neno kuhusu behewa, na huyo mmoja ndiye unayemrudishia neno. Wakiwa wawili, huyu anasema vuta, yule anasema sukuma, na aliye katikati ya mabehewa anapondwa. Shemeji amefundishwa hivyo na amewafundisha wenzake hivyo. Hata kaka yake akimuuliza mezani, "Lile la mafuta umelipeleka wapi?" anaomba apitishiwe chumvi. Ni kichwa kigumu, ndiyo. Lakini kwa kichwa kile kigumu hajawahi kupoteza kidole cha mtu.

Leo asubuhi mama mkwe alimpelekea uji hapa mahabusu. Sheria ya yadi haifiki kwa mama. Shemeji akamwambia, "Mama, wanalitafuta lile uliloketi ndani." Bibi yule ana miaka sabini na zaidi, na alikimbia hadi yadini. Aliponiambia nilishika kichwa. Kisha nikacheka hadi nikakaa juu ya ndoo. Kisha nikakumbuka kwamba shemeji amelala usiku kucha kwenye sakafu ya simenti, na mimi nilimtakia hivyo hivyo nikinywa chai, kicheko kikaisha. Nikaja mbio. Kwa mkaguzi sikupita. Nilifikiri, mwenye funguo za mahabusu ni afande.

Nikiulizwa kama shemeji aliiba, najibu hapana. Alilisogeza kutoka reli moja hadi nyingine, kwa amri, mchana kweupe, watu wanaimba. Halijatoka nje ya uzio wa shirika. Kama huo ni wizi, tuliiba wote, na afande ana kazi ya kumtafuta mwanamume wa suti mwenye kiatu kimoja. Mimi aniandike wa kwanza. Nilisukuma upande wa kushoto, nyuma.

Nikiulizwa mlalamikaji, yaani yule mkaguzi, yuko wapi sasa hivi, najibu siijui ratiba yake, ila treni ya makao makuu hupita saa nane, na jua la leo ni kali kuliko la jana.

Sina jingine. Nimesomewa nilichokisema, nimekitambua kuwa ni changu, hakuna aliyenilazimisha wala aliyeniahidi kitu. Nyumbani sirudi bila shemeji. Nipo hapa kwenye benchi la kaunta.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi, na alama ya sabuni pembeni)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika haya mwenyewe kama yalivyotoka kinywani mwa shahidi, nikajaribu mara kadhaa kumfupisha, sikufaulu. Baada ya yeye kutia sahihi nilimpigia simu mlalamikaji na kumuuliza alipo. Alijibu yuko stesheni, ndani ya chumba cha kusubiria, anangoja treni. Nilimwomba atoke, ashuke jukwaani, azunguke hadi nyuma ya chumba hicho, ainame, aniambie anaona nini. Nilisikia anashuka. Kisha alisema, "Afande, naona magurudumu." Nikamsikia anacheka peke yake huko nyuma, hadi ikabidi nimngojee. Ameondoa malalamiko yake kwa simu hiyo hiyo, na atafika kuyaondoa kwa maandishi. Mtuhumiwa ametolewa saa saba mchana. Shahidi alipiga vigelegele ndani ya kituo, jambo lililo kinyume cha taratibu. Sikumzuia.