Nakijwa Hakusema Neno

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Baraza la usuluhishi wa ndoa, Mhezi, tangu saa tatu. Wajumbe watano, mwanamke mimi peke yangu. Nakijwa anataka talaka, mumewe Elieza anampiga. Wazee wakashauri warudiane. Nakijwa alipoulizwa aliinamisha kichwa, kimya. Nikaandika: amekubali. Sijawahi kushindwa kupatanisha watu. Nimerudi nyumbani na raha zangu.

Jumanne, 6 Agosti
Ukungu kutwa. Jioni kisomo cha watu wazima. Nakijwa hakuja. Huyu hakosi darasa langu.

Alhamisi, 8 Agosti
Wamemleta Nakijwa kwangu, kwa kuwa zamani nilikuwa mkunga. Mkono umevunjika. Elieza kampiga kwa mpini wa jembe. Nikimfunga vijiti nilimwuliza mbona siku ile hakusema.
"Ningesemaje, mama? Baba mkwe alikuwa amekaa pale."
Kweli. Baba yake Elieza ni mjumbe mwenzetu. Mimi Mpare, nimelelewa kutofungua kinywa mbele ya mkwe, nikauita ukimya ule kukubali. Sifa zimenipofua. Najichukia.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimemwambia mwenyekiti shauri lisikilizwe upya, baba mkwe asiwepo. Kafoka. Eti kijiji cha ujamaa kinajengwa na kaya nzima nzima, na mwanamke aliyeachika kama mimi atasuluhisha nini. Limenichoma. Nikamjibu basi atafute mwingine wa kumwandikia. Hana mwingine anayejua kuandika vizuri. Kakubali kwa shingo upande.

Jumatatu, 12 Agosti
Baba mkwe kakaa nje. Nakijwa kasema karibu saa nzima, mkono umefungwa kitambaa shingoni, bila kulia. Elieza hakukana. Nimeandika hati: baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Kesho kaka yake atamsindikiza nayo mahakamani, Same. Mara yangu ya kwanza kuandika neno "limeshindwa". Mwenyekiti hakuniaga.

Jumapili, 18 Agosti
Baada ya ibada nilikwenda kwa mama yake Nakijwa. Nakijwa yupo huko na wanawe wawili, anangoja siku ya mahakama. Tumechambua maharage, yeye kwa mkono mmoja. Kaniuliza kama siku yangu ya kuachwa baba mkwe wangu alikuwepo.
Nikamwambia alikuwepo.
Hakuuliza nilisema nini. Akanisogezea ungo, tukaendelea kuchambua.