Shangazi Alisema Bado

4 Machi

Shangazi, shikamoo.

Natumaini goti limetulia na wajukuu wamepona mafua. Sisi wazima. Naandika kwa sababu simu hupokei.

Katibu wa mwenyekiti, Mzee wa Tai, kanieleza yaliyopita baada ya mimi kutoka kikaoni. Kiti cha Mkuu wa Mipango walikuwa tayari kunipa. Wakakuuliza wewe, mlezi wangu wa kazi, ukasema neno moja: "Bado."

Bado! Mwaka mzima, kila Alhamisi, nimekaa ofisini kwako nyuma ya majiko, unga ukinidondokea kwenye kompyuta, unaniambia, "Acha kuniletea jedwali, niletee uamuzi." Takwimu nilijifunza mwenyewe, kwa kompyuta ya kuazima. Mfumo unaoonyesha mikate mingapi inarudi bila kuuzwa nimeuunda mimi. Wakurugenzi wakikwama, "Mwiteni Bi Grafu!" Bi Grafu akitaka kukaa mezani badala ya kusimama kando ya skrini, anaambiwa bado, tena na damu yake mwenyewe. Wenzangu wanasema nabebwa na shangazi. Laiti wangejua unavyobeba!

Atapewa nani sasa? Yule wa mauzo, ambaye kwake jumla na wastani ni kitu kimoja?

Mtoto wa kaka yako

7 Machi

Marahaba, mwanangu.

Goti linauma, asante kwa kuuliza kabla ya kunipiga makofi. Wajukuu wazima.

Nilisema bado na nitarudia. Mzee wa Tai alikuuliza swali jepesi: matawi mawili yanakula hasara, Stendi na Hospitali, tufunge lipi? Ukafungua slaidi. Ukafungua nyingine. Ukasema "inategemea". Ukasema takwimu za msimu wa mvua hazijakamilika. Natamani ningekufinya chini ya meza kama ulipokuwa mdogo.

Mtu wa takwimu anaruhusiwa kusema inategemea. Mkuu wa Mipango analipwa aseme "hili hapa", kisha abebe lawama. Unaogopa kukosea, basi.

Na mwambie kaka yangu aache kunipigia kukutetea. Nimembeba mgongoni yule, hanitishi.

Shangazi yako

8 Machi

Shangazi, shikamoo. Pole na goti.

Kuogopa kukosea? Jibu nilikuwa nalo kabla sijaingia kikaoni! Hospitali wateja wamekimbia barabara inayochimbwa, ikiisha watarudi. Stendi, katika kila mikate mitano miwili inarudi, tangu mabasi yahamishwe. Tunamuuzia nani pale, nguzo za taa? Wa kufungwa ni Stendi.

Na Stendi kaianzisha nani? Wewe, na trei moja ya mikate kichwani. Ulikuwa umekaa mkabala nami. Ulitaka nisimame mbele ya wanaume wale niseme kazi ya ujana wako ifungwe? Nilikustahi, ukanilipa kwa bado.

Mwanao, kama bado ni mwanao

9 Machi

Mwanangu, sijambo. Salamu ziishie hapo.

Kumbe ulijua! Hilo ni baya kuliko kutojua. Nani kakutuma unistahi kwa mikate ya kampuni? Heshima hiyo niletee nyumbani, unioshee vyombo. Mezani pale mimi si shangazi wa mtu.

Kikao kinarudi Ijumaa ijayo. Sema ulilonalo. Nitakupinga, tena kwa sauti, maana wanawake wanaouza Stendi niliwaajiri mimi. Hutaki, nijulishe nimpe wa mauzo kiti.

Shangazi yako, wa nyumbani tu

19 Machi

Shangazi, shikamoo. Hujambo? Leo nauliza kweli.

Nilisema "Stendi" hata kabla sijakaa, bila slaidi. Ukaniruka: "Umewahi kuuza mkate hata mmoja pale?" Nikajibu sijawahi, na sasa hakuna anayeuza. Nikaomba wauzaji wote wahamishiwe Hospitali. Barabara ikichelewa kufunguliwa, lawama ni yangu. Tukatolewa nje sisi waombaji, mkapiga kura. Ukatoka ukanipita kwenye korido kama mimi ni ndoo ya kudekia.

Ulitaka niseme, nimesema. Sasa umenuna nini? Hasira yangu haijaisha, lakini niambie: humo ndani ulisema nini?

Mwanao

26 Machi

Shangazi, shikamoo. Simu hupokei, barua hujibu. Kama ni bado nyingine, iseme tu.

Mwanao

2 Aprili

Marahaba. Goti vilevile.

Stendi tumeifunga jana. Nilikwenda mwenyewe kushusha kibao. Niligombana na fundi, nikagombana na ngazi. Wauzaji wote wameanza Hospitali leo. Barabara ikichelewa, watakuja kwako, si kwangu.

Kuhusu mabasi ulikuwa sahihi. Lakini "hakuna anayeuza", mbele ya watu waliokuwa wakiniita Mama Mikate kabla hujazaliwa! Ulikuwa na njia mia za kulisema, ukachagua hiyo.

Barua ya cheo utaipata Jumatatu. Kura ziligawanyika sawasawa, ikabaki yangu.

Jumapili hii usije kula kwangu. Sitaki kukuona. Njoo ile nyingine.

Shangazi yako