Majani ya Mwarobaini Ndani ya Kopo

Kaaga, Meru
Jumatano

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, ingawa siku hizi nalala na soksi. Natumaini wewe na Mama hamjambo, goti lako limepoa, na yule mbuzi aliyezaa pacha bado ana maziwa. Nasikia huko Gachoka mvua ilikatika mapema. Je, ndengu zimewahi, au jua lilizikuta zikiwa maua?

Kazini naendelea. Bwana Murungi, mkuu wetu wa masijala, bado ananitetemesha. Juzi alisimama nyuma ya kiti changu akauliza kama barua nazipanga au nazibembeleza. Wenzangu walicheka, mimi nikaziinamia barua zangu. Lakini amenifundisha kanuni moja: hakuna karatasi inayochomwa kabla haijafunguliwa na kusomwa, hata kama juu yake pameandikwa kuwa ni takataka.

Baba, lile kopo ulilonipa sijalichoma. Tafadhali usiache kusoma hapa.

Nakumbuka ulivyoniagiza. Kwamba Jumapili hii unawekwa kuwa mzee wa kanisa, kwamba haifai mzee wa kanisa kuweka vitu vya muziki wa roki darini, na kwamba nilichome huku ambako hakuna anayetujua, bila kulifungua. Nilijaribu. Nilitoka uani na kiberiti, lakini mwenye nyumba wangu, Mama Nkirote, akachungulia dirishani akaniuliza nachoma barua za nani, na kama huyo kijana amenikataa. Niliona haya, nikarudi ndani. Ndipo nikaikumbuka kanuni ya Bwana Murungi, nikalifungua.

Nilikuta tikiti ya lile tamasha la Nairobi, nusu yake imechanwa, na picha yako. Kumbe ulikuwa na nywele! Umesimama nje ya uwanja, unapiga gitaa ambalo halipo, umevaa sweta ya mistari ya rangi ya machungwa na zambarau. Nilicheka peke yangu, kisha nikaogopa, maana mimi nakujua kwa ile suti ya kijivu tu. Hakuna kilichoguswa na wadudu. Juu ya vitu hivyo palikuwa na majani ya mwarobaini, bado yana ukijani. Nikadhani ulilifungua ili uliage.

Lakini ile sweta ilinisumbua. Niligeuka, nikakiona kiondo changu kwenye msumari, kile Mama alichonisukia nilipopata kazi. Machungwa na zambarau.

Nilimpigia Mama simu. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema mwaka ule ulipookoka, watu walipeleka vitu vyao vya kidunia uwanjani pa kanisa vichomwe, na wewe ukaifunga sweta kwenye gazeti ukaiweka mlangoni. Ulipoingia kunawa uso, yeye akaitoa akafunga gunia kuukuu mahali pake. Uliutupa mzigo motoni ukiwa umefumba macho kwa maombi. Jioni ulilia, naye akadhani ni furaha ya wokovu. Alipojua ni sweta unayoililia, ulikuwa umekwisha kutoa ushuhuda mbele ya kanisa zima, na hakutaka kukufanya mwongo. Kwa hiyo aliifumua, kama anavyofumua sweta zote kuukuu, akauficha uzi hadi aliponisukia kiondo.

Nilimuuliza kwa nini hakuiacha tu iungue. Akasema ulipoenda kwao kujitambulisha, mjomba wake Ndambiri alikuuliza umekuja na nini, nawe ulikuwa na hiyo sweta na mdomo tu. Alisema yeye alimpenda mtu aliyekuwa ndani ya ile sweta, na wala hajajuta, ila mtu huyo siku hizi hacheki sana.

Na kopo alilijua tangu zamani, Baba. Kila akitia majani ya mwarobaini kwenye magunia ya ndengu, hupanda darini akalitilia nalo. Majani niliyoyaona yalikuwa yake. Kumbe nyote wawili mmekuwa mkifichana kitu kimoja, na nyote mkikitunza.

Nilimwomba akueleze mwenyewe. Alisema ameshindwa miaka yote hii, na kwamba karani ni mimi.

Basi, binamu Oscar atakuletea barua hii Jumamosi akitoka kununua viazi soko la Gakoromone, pamoja na kiondo, na kopo ndani yake. Naogopa kama mbele ya Bwana Murungi, kwa kuwa sijawahi kukukaidi. Ikiwa ni lazima vichomwe, vichome wewe, macho wazi, Mama akiwa kando yako. Lakini anasema mkoba wake umekatika ukanda, na Jumapili hana cha kubebea Biblia yako.

Nisalimie shangazi Gladys na wote wanaoniulizia. Mungu akupe maneno mema siku hiyo, na goti lisikuume ukipiga magoti.

Mimi binti yako mwoga, ambaye picha amebaki nayo,

Nelius