Magurudumu ya Mama Kibonge

4 Machi

Baba yangu,

Mjukuu wako ameingiza miguu yote miwili kwenye karai la vyombo, sasa hivi tu, na amesimama humo ananitazama kama mtu aliyelipia. Nimemtoa, amerudi. Nimemwacha. Basi, shikamoo Baba. Mama hajambo? Goti lake linasemaje? Sisi huku wazima. Baba yake Kibonge anarudi kazini amechoka lakini anacheka, na mimi hilo linanitosha.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikitaja gari unasema "haya, tutaongea," halafu unakata. Barua huwezi kuikata.

Uliponiachia hili gari ulisema lifanye kazi, lisilale. Halilali. Kila asubuhi nawabeba wanawake watatu wa mtaani kwetu wanaofanya usafi hospitali. Mmoja ana mimba, huyo anakaa mbele. Tatizo ni pale kabla hujaikuta lami. Walichimba kupitisha mabomba, wakafukia kwa mawe, wakaacha tuta. Gari likiwa tupu linapita. Likiwa na watu linasugua tumbo, krrrr, ekzosi inalia na roho yangu inalia nayo. Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu. Tukifika, wote wanashuka, wanavuka kwa miguu na sare zao na mikoba yao, mimi navusha gari tupu, wanapanda upande wa pili. Mvua ikinyesha pia. Yule wa mimba namvusha kwa mkono kwanza, halafu narudi kulifuata gari. Muuza magazeti wa pale kila siku ananiuliza, "Mama, hilo gari unaliendesha au unalichunga?"

Baba, nataka nilifunge magurudumu makubwa kidogo ili liinuke. Nimeyaona gereji. Na nisikufiche, ni mazuri. Naomba baraka zako.

Binti yako,
Mama Kibonge


15 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti la mama yako linaamka kabla yake na linalala baada yake. Mimi sijambo. Mtoe huyo mtoto kwenye karai, atapata kifua.

Jibu ni hapana. Gari hilo lilitoka kiwandani na magurudumu yake, na waliolitengeneza hawakuwa walevi. Nimeliendesha tangu hujaota meno na halijawahi kuniaibisha. Kaka yako alinionyesha ile picha ya magurudumu uliyomtumia. Alicheka mpaka akakohoa. Anasema unataka kulivalisha gari la familia hereni. Sikucheka, lakini sikumpinga.

Wewe ni mama sasa. Gari ni la kubeba watu, si la kutazamwa. Ukiyafunga hayo magurudumu, kaka yako atakuja kulichukua, yeye ana uzio na mahali pa kuliegesha. Nimesema, na unajua mimi nikisema huwa sirudii.

Wasalimie wote.

Baba yako


2 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mko salama, na Mama amepata ile dawa ya kuchua. Kibonge ameota jino la juu na amelijaribu kwenye bega langu.

Nimeyafunga. Baraka zako hazikufika, nikasema labda zimechelewa njiani.

Usiitupe barua, soma kwanza. Kaka anasema hereni. Mwambie ndiyo, ni hereni, na masikio ni yangu. Tangu nizae, kila kinachoingia kwenye hii nyumba ni cha shida. Ndoo, nepi, dawa ya mafua, sabuni ya mche. Nimetaka kitu kimoja kifanye kazi na pia nikikitazama nifurahi. Mtu akiwa mama ndiyo haruhusiwi tena kupenda kitu kinachong'aa? Nani kasema? Wewe mwenyewe ulikuwa unaling'arisha lori la tajiri wako mpaka tunajiona nyuso kwenye mlango, na hakuna aliyekuja kukunyang'anya.

Sasa sikiliza, na usicheke. Siku ya kwanza tulipofika kwenye tuta nikawaambia, "Leo hakuna kushuka." Wakapiga vigelegele. Nikapanda polepole. Krrrr. Palepale, sauti ileile! Halafu yule wa mimba akasema, "Mama Kibonge, haya ni magurudumu au ni picha ya magurudumu?" Wakashuka. Na rimu moja imemeguka ukingo kwenye jiwe.

Nimelizunguka hilo gari mpaka nimechoka. Rimu ni kubwa, naiona kwa macho yangu, lakini gari liko chini vilevile. Sielewi. Na ya zamani siyarudishi, hilo sahau. Nakuuliza kama dereva, sikuulizi kama baba.

Binti yako,
Mama Kibonge


11 Aprili

Binti yangu,

Marahaba.

Kama baba, nimekasirika. Nilisema na hukusikia. Kaka yako anakuja Ijumaa ya tarehe ishirini na tano, na atarudi na gari.

Kama dereva, nakujibu, kwa kuwa umeuliza kama mtu mwenye akili. Fundi amekufunga rimu kubwa na tairi jembamba kama mkanda. Ameongeza chuma, amepunguza raba, na ukipima kutoka ardhini mpaka juu ya tairi urefu ni uleule. Gari litainukaje? Umepata sura, hukupata kimo. Na sasa raba ni kidogo, kila jiwe linakutana na chuma, ndiyo maana rimu imemeguka. Mtu anayetaka gari dogo liinuke kidogo anachukua rimu ya kati, inayozidi ile ya zamani kidogo tu, na tairi nene. Kidogo, nimesema. Akizidisha, siku akikata kona na watu wamejaa nyuma tairi litakula madigadi. Tundu la katikati ya rimu likae sawasawa mahali pake, lisicheze, ama sivyo usukani utatetemeka. Na ajue kuwa mshale wa spidi utamdanganya, ukimwambia hamsini yeye ameshapita hapo. Kwa hiyo apunguze mwendo, hasa kama ana mtoto ndani.

Haya nimekwambia ili ujue, si ili ufanye. Andaa funguo.

Mama yako anasema usimlaze Kibonge chali baada ya kunyonya.

Baba yako


24 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Kwako nasema ahsante, na pia nasema pole, maana nimefanya.

Nilienda gereji na barua yako mfukoni na Kibonge mgongoni. Nikamwambia fundi, "Umeniuzia sura, mimi nataka kimo." Akacheka. "Mama, nani kakufundisha maneno hayo?" Nikamwambia, "Dereva." Akasema, "Mwambie dereva wako mali ikitoka hairudi. Na hiyo moja ni mbovu." Nikasema, "Imeharibika kwa sababu ulijua njia yangu, nilikueleza tuta lote, mpaka mawe nilikuchorea chini kwa kijiti, na bado ukanipa mkanda." Akaingia ofisini kwake kunywa chai.

Baba, mimi sikulia. Zamani ningelia. Nililirudisha gari nyuma nikaliegesha katikati ya lango lake, nikazima, nikampakata Kibonge, nikamwonyesha honi iko wapi. Unamjua mjukuu wako. Akishapata kitu chenye sauti haachi. Nje kulikuwa na lori linataka kuingia, ndani teksi inataka kutoka. Dereva wa teksi akaja dirishani, "Dada, tafadhali." Nikamwambia, "Kaka, nami nasema tafadhali, tangu asubuhi." Akaenda kugonga ofisini mwenyewe. Fundi akatoka ameshika kikombe, anasema, "Sawa! Sawa! Mchukueni huyo mtoto kwenye honi!"

Amenifungia ya kati. Tundu nililitazama mwenyewe, limekaa. Nikamwambia aukunje usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, mimi na wasaidizi wake wawili tumekaa nyuma tunaruka. Tairi halikugusa madigadi. Jana na leo wale wanawake watatu wamevuka wamekaa. Muuza magazeti alijifanya ameinamia magazeti yake, nikapiga honi ili anitazame.

Sasa kuhusu Kaka. Aje, karibu yake, nitampikia. Lakini gari halitoki hapa kwa sababu ya kucheka na kukohoa. Akifika kesho nitamwambia apande na sisi asubuhi inayofuata, akae nyuma katikati. Tumbo likigusa tuta hata mara moja, funguo nampa mimi mwenyewe na sitasema neno. Lisipogusa, arudi kwa basi. Nakiri naogopa kidogo, maana wanawake watatu nimewajaribu, ila mtu mwenye mwili wa Kaka bado.

Sitaomba msamaha, Baba. Nakupenda sana lakini hilo sitaomba.

Binti yako,
Mama Kibonge


3 Mei

Binti yangu,

Nakusalimu, na natumaini mtoto mzima.

Kaka yako amerudi kwa basi. Aliingia, akakaa, akavua viatu. Mama yako akamuuliza gari liko wapi. Akasema, "Liko kazini." Nikamuuliza, lilisugua? Akaomba maji. Akanywa. Akasema, "Baba, walinibana katikati ya wanawake wawili, mmoja ananiambia nivute pumzi ili niwe mwepesi." Nikasema sijauliza habari za pumzi, nauliza lilisugua? Akasema hapana. Nikamuuliza hata kidogo? Akasema, "Hata kidogo. Na wakaimba."

Basi. Nimemwambia mbele ya mama yako kuwa gari ni lako, na lisizungumzwe tena mezani kwangu. Kama litapasuka tairi ni lako, kama litapendeza ni lako. Hukunisikia na bado naona vibaya, usidhani yamekwisha. Ila kuliweka gari kwenye lango la mtu, hilo mimi nisingeliwaza.

Jambo moja. Kaka yako hajui kueleza kitu. Nimemuuliza hayo magurudumu yakoje, akasema ya mviringo. Nieleze wewe. Yana miguu mingapi, ile inayotoka katikati kwenda ukingoni? Yanang'aa au yamefifia? Siulizi kwa kupenda. Nauliza tu.

Baba yako


12 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika juu ya boneti, asubuhi, nawasubiri abiria wangu. Mama mwambie nimeacha kumlaza chali. Kibonge yuko na baba yake, nawasikia ndani wanagombania kijiko.

Unasema huulizi kwa kupenda. Baba, penda tu. Hakuna atakayekukamata. Ukija, na utakuja, mimi sikubali tena "tutaongea," utakaa nyuma kama watu wengine, kiti cha mbele kina mwenyewe mpaka ajifungue. Hutanielekeza gia. Ukitaka kusema jambo kuhusu kona, sema tukishafika.

Na Kaka amenitumia ujumbe jana, mfupi, bila salamu. "Fundi wako yuko wapi?" Nimemjibu nitampeleka, kwa sharti kwamba kwanza akwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba naye anataka magurudumu. Mpaka sasa kimya. Kama hajakwambia, usimwonyeshe kuwa unajua, muulize tu hali ya matairi ya gari lake.

Haya, magurudumu. Miguu ni mitano, minene, si kama yale ya kwanza yaliyokuwa na vijiti vingi kama kitana. Rangi yake si ya kioo, ni kama sufuria iliyosuguliwa vizuri, upande wa ndani. Nayasugua kwa mswaki kila Jumapili, na usinicheke. Gari likisimama unaiona yote mitano imenyooka. Likianza kwenda, miguu inapotea polepole, na jua likiwa chini hivi kama saa hizi panatokea kitu kimoja cha mwanga kinachozunguka, mtu aliyekaa barabarani anakiona kuanzia mbali, kinakuja kama ni... haya, hao wamefika, wananiita, na mmoja ameshaingia upande wangu anapiga honi, hata leseni hana, ngoja kwanza niwavushe halafu nita...